Kibendera cha Babu Hakishuki

Usiku ule ulikuwa saa tisa alasiri, lakini nilikuwa nimefunga mapazia, na mimi nikishafunga mapazia kwangu ni usiku. Nililala na upumbavu wangu tumboni, pamoja na kachori mbili. Afadhali niuseme mapema: mchana huo nilikuwa nimemkana babu yangu mzaa baba.

Ilikuwa hivi. Jirani yangu Shomari, mwenye banda la kuonyeshea mpira, anapamba ukuta kwa picha za watu wa mtaa wetu waliokuwamo katika lile kombe la zamani la nchi jirani, sisi na Waganda na Wakenya na Wazanzibari. Katikati ameweka picha ya marehemu baba yake, aliyefunga bao kwenye fainali. Bao likakataliwa, kombe likaenda Uganda, na aliyeinua kibendera ni mtu wa hapa hapa mtaani. Babu. Basi Shomari aliponiuliza, "Yule mshika kibendera si babu yako wewe?" nilikuwa natafuna kachori zake za bure. Nikajibu, "Hata! Tumefanana majina tu." Nikarudi zangu kwenye kochi, mahali ninapopajua kuliko pote duniani.

Usingizi haujakolea, nikasikia filimbi. Babu alipita sebuleni akikimbia kiubavuubavu, kaptula nyeusi, soksi zimepanda hadi magotini. Mstari wa chokaa ulitokea jikoni, ukapita chini ya meza, ukaenda mbali. Nikaufuata na ndara zangu, na ninapoinua uso ukuta haupo, ni jukwaa la mbao limejaa watu mpaka juu ya paa. Mkononi babu ameshika kile kibendera chake cha manjano, ambacho siku hizi mimi nakitumia kutolea utando wa buibui. Utando wenyewe bado unaning'inia. Najifanya siuoni.

Baba yake Shomari, kijana mwembamba, amewapita mabeki wote hatua mbili nzima. Ndipo pasi inapigwa. Anaipokea, anafunga. Uwanja unalipuka, na mimi narukaruka pia, sijui nashangilia nini. Kibendera cha babu kiko juu.

"Shusha! Shusha, msaliti!"

Maganda ya machungwa yanamwangukia mabegani. Nahodha wetu anamvuta shati. Babu hatikisiki. Mvua inanyesha, inakatika. Watu wanazeeka pale pale jukwaani, wanaota mvi, na bado wanazomea. Mkono uko juu.

"Babu," nikamwambia, "shusha basi. Mimi bado naishi na watu hawa."

Hakugeuka. "Hawa wanaonizomea wanajua mimi ni nani. Wewe je?"

Nikautazama mkono wake. "Umechoka, babu?"

"Mkono umechoka. Mimi bado." Akanikabidhi kile kibendera. "Shika. Kelele zisikushushe."

Nilizinduka mkono wa kulia uko juu, umekufa ganzi, na chai imemwagika kwenye zulia. Sikuifuta. Wanaonijua wanajua kwamba sitoki nyumbani mara mbili kwa siku moja hata kwa mkate. Siku ile nilitoa picha ya babu kabatini, nikakung'uta kibendera, nikavuka barabara na ndara moja ya kijani, nyingine ya bluu.

Bandani watu walikuwa wamejaa, mechi haijaanza.

"Huyu ni babu yangu, mzaa baba," nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. "Na ile ilikuwa ofsaidi. Picha inakaa hapa, kando ya baba yake Shomari. Anayebisha anifuate nyumbani, siendi popote."

Wakazomea. Wakazomea vizuri, kama wamefundishwa na babu zao. Ndipo nikakumbuka kwamba sikuja na nyundo wala msumari. Nikainua picha juu ya kichwa kwa mkono ule ule wenye ganzi, nikasimama hivyo, watu wanapiga miluzi, jasho linanitoka. Sikushusha.

Shomari akaja na nyundo, msumari kati ya meno. Akagonga mara tatu, akaitundika, akarudi nyuma hatua mbili, akawatazama wale marehemu wawili wamekaa bega kwa bega. Kisha akanigeukia mimi.

"Babu yako alituumiza sote, lakini mwongo hakuwa. Mwongo ni wewe, tena kwa kachori mbili."