Adhana ya Kaka Ndani ya Linux

Kaka yangu alipofariki, kompyuta aliyopewa kazini ilibaki nyumbani kwetu Magongo, na wenyewe wangekuja kuichukua baada ya sala ya Ijumaa. Ilikuwa ikiendeshwa na mfumo wa Linux. Kaka alikuwa ameweka humo programu ya kurekodi sauti, akajirekodi akimwadhinia mwanawe sikioni siku aliyozaliwa. Mkewe aliitaka sauti ile. Alikuwa katika eda, kwa hiyo alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia.

Nilidhani vitu vyote vya programu hukaa folda moja, kama nguo sandukuni. Nikaiuliza mashine imeweka wapi faili za programu ile. Majina yakashuka: programu yenyewe iko katika folda ya /usr/bin, maelezo yake katika /usr/doc. Sauti ya kaka haikuwamo.

"Kwani shemeji, mashine hiyo ina vyumba vingapi?" mke wa kaka akauliza.

"Vingi."

"Basi tafuta chumba chake yeye."

Hapo nikaelewa. Orodha ile ilikuwa ya vitu vilivyokuja na programu. Anachotengeneza mtu hukaa katika folda yake mwenyewe. Nikafungua ya kaka, nikaiona tupu. Nikaamuru mashine ionyeshe hata vilivyofichwa, vile ambavyo majina yake huanza na nukta. Folda ya programu ikatokea, na ndani yake faili moja.

Nikasogeza redio kaseti karibu na spika, nikabonyeza kitufe chake cha kurekodi ili sauti ibaki kwetu, kisha nikaifungulia ile faili. Adhana ikaanza, taratibu. Nyuma ya pazia, shemeji akamnyamazisha mtoto.