Marlene Anayechangiwa kwa Kukosa

Saa tatu asubuhi, Ijumaa. Marlene Szabo, miaka sitini na moja, anashika simu kwa bega huku akikoroga kahawa kwa kalamu.

"Vuta pumzi kwanza, mwanangu," anasema. "Halafu niambie umepangiwa lini."

Anayepiga ni mama wa watoto wawili, mfungaji mizigo ghalani. Amepangiwa kutoa mimba Jumanne. Bima yake ya serikali, ile ya wenye kipato kidogo, humlipia jino na kikohozi, na hata kujifungua ingemlipia. Hili hailipi, sheria imekataza. Amepungukiwa dola tisini, na Jumanne ikimpita bei inapanda.

Marlene anamwambia asiahirishe. Kisha anakata simu na kushika kichwa, maana mfuko wa michango anaoufanyia kazi umeishiwa pesa za kuwasaidia watu wiki hii.

Alipika katika shule za hapa Toledo, Ohio, kwa miaka ishirini na mbili. Sasa mfuko huo unamlipa dola kumi na saba kwa saa kuwatafutia pesa wanawake waliokataliwa na bima. "Zamani watoto waliniombaomba nyama," anasema. "Siku hizi ombaomba ni mimi."

Tegemeo lake lilikuwa kesho yake, Jumamosi. Kila Machi mfuko huandaa bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe zito kwenye njia ya mbao ili kuangusha pini kumi zilizosimamishwa mwishoni, na marafiki huahidi pesa kwa kila pini mchezaji atakayoiangusha. Ila kwa Marlene wanaahidi kinyume, kwa kila tufe litakalotumbukia mtaroni kando ya njia bila kugusa pini, kwa sababu mwaka jana yalitumbukia kumi na saba kati ya ishirini. Ahadi za wengine zilikuwa zimeshapangiwa wanawake waliotangulia; iliyobaki ni ya shemeji yake Ray, bingwa wa ligi ya kiwanda, dola sita kwa kila tufe.

"Shemeji, hujawahi kuangusha kitu isipokuwa vikombe vyangu," alimtania.

Matufe kumi na tano tu yangetosha. Lakini mtu akikazana kukosa, mkono unamgeuka. Tufe la kwanza lilikwenda moja kwa moja na kulaza pini zote. Ukumbi ukashangilia, Marlene akaziba uso kwa taulo. Mchezo ulipokwisha, mtaroni yalikuwa yameingia tisa.

Alikaa kwenye benchi, machozi yakimlengalenga, akamweleza Ray habari za yule mama, bila jina.

Ray alisoma karatasi ya ahadi. Kisha akavaa viatu vyake vya bolingi.

"Hapa pameandikwa kila tufe," alisema. "Hapajaandikwa la nani."

Wenzake wa ligi walikuwa wakicheza kwenye njia ya jirani. Bingwa ambaye miaka mitatu hajaingiza tufe mtaroni aliliingiza la kwanza, kisha la pili. Walimzomea, wakamuuliza kama amelewa au amezeeka. Aliendelea mpaka la sita, akageuka na kuwainamia kama mwimbaji wa kanisani.

Pamoja na yale tisa ya Marlene, dola zilikuwa tisini kamili.

Mama yule alipiga simu tena Jumatano. Alisema yuko salama, amelala vizuri, na watoto wanapigania rimoti. Marlene alicheka hadi akakohoa.

Sasa anafunzwa na Ray kila Alhamisi. Anataka kujua kucheza sawasawa kabla ya siku anayoiombea.

"Siku bima itakapolipa, simu hii itanyamaza," anasema. "Nami nitaingia ukumbini nikacheze ili nishinde, na shemeji nimtoe jasho."

Simu inalia. Anavuta kalamu kutoka kwenye kahawa.