Nilisema Ni Vichuguu

Laiti ningeikataa kazi ile siku ile ile nilipoitwa. Kukataa kulikuwa rahisi: ningesema miguu inauma, na wasingeshangaa, maana miguu yangu inauma kweli. Lakini nilikubali, na yaliyofuata ndiyo haya. Usiniambie nimeota. Mimi si mtu wa kuona majini kila kichakani. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimetunza stoo ya hoteli huko Diani mpaka nikastaafu, na kutunga sijui. Ningelijua, ningejitungia mwisho mwingine.

Walikuja watafiti wa mambo ya kale, wakakodi vyumba karibu na Kona ya Musa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa bara, Daktari Naliaka, mwenye adabu zake. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mtaro wa maji. Walikuwa wamerusha ndege ndogo isiyo na rubani juu ya misitu yetu, kutoka Diani kuelekea Msambweni. Ndege ile ilimimina miale, miale ikapenya kwenye majani, ikagonga ardhi na kurudi. Hapo wakapata picha ya ardhi tupu, kana kwamba msitu umevuliwa nguo. Ungeona kuta za misikiti iliyoanguka, visima vilivyofukiwa, njia za kaya, vile vijiji vya wazee wetu msituni, ambazo hata sisi tulizisahau.

Kompyuta ilikuwa inafunzwa kuzitambua alama hizo yenyewe. Lakini kompyuta haijui kaburi wala tanuri la chokaa mpaka iambiwe, na kuiambia ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikaa mbele ya kioo nikisema: hiki kisima, hiki kifusi, hapa walichimba mchanga tu. Daktari alinionya kwa mzaha. "Mzee, huyu ni mwanafunzi mtiifu kupita kiasi. Ukimfundisha uongo, ataushika, na kila atakapokwenda atausema."

Nikamwambia afadhali yeye. Wa siku hizi hata ukweli hawaushiki. Tukacheka.

Ramani ile ingewafikia wanaoidhinisha ujenzi. Penye alama ya kale pangeachwa. Pasipo na alama, mwenye kiwanja angefanya atakavyo. Hilo nilielezwa wazi, sitajitetea kwamba sikujua.

Siku moja ikaja picha ya ukingo wa msitu, kwao mke wangu. Palikuwa na vivimbe vidogo vimejipanga mstari, kila kimoja hakizidi ungo. Nilipatambua mara moja. Katika ukoo wa Mejumaa, mke wangu, watoto waliokufa kabla ya siku ya saba, kabla ya kupewa jina, walizikwa pale bila jiwe. Wanawake ndio waliopatunza. Mwanamume hakupaonyesha mtu. Walisema anayepaonyesha anaita watoto wengine wawafuate kaburini. Binti yetu amelala pale. Hatukujaaliwa mwingine. Na Mejumaa alikuwa na ombi moja tu, aliniambia mara nyingi bila kulia: siku yake ikifika, azikwe kando ya mwanawe.

Kompyuta ilitaka jibu: makaburi au vichuguu? Nilimwambia daktari sina hakika, niende nikapaone kwanza. Uongo wa kwanza huo. Nilikuwa na hakika kabisa.

Nilifika jua likiwa utosini. Wazee wetu waliiogopa saa hiyo kuliko usiku, kwa sababu usiku mtu hujihadhari, lakini mchana kweupe nani anajihadhari? Nilimkuta mwanamke ameketi mwisho wa mstari ule, amejitanda leso, makamo yake arobaini na kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Nilijibu kama ninavyomjibu yeyote.

Nikaketi karibu naye, akaniuliza natafuta nini. Nikaona haya kumweleza mambo ya ndege na kompyuta, lakini nilimweleza, naye alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mji anaoujua. Nikatazama chini, nione kama ana kwato. Mtu wa pwani, utafanyaje? Ilikuwa miguu ya mtu. Nikapumua. Kisha akainyoosha, nikaziona nyayo zake. Niamini nikikwambia: zilikuwa laini, za waridi, bila ufa wala sugu, kama nyayo za mtoto mchanga ambaye hajakanyaga ardhi hata mara moja.

Nilitaka kuinuka. Magoti yakakataa.

"Kaa tu," akasema. "Magoti ya mama pia ndiyo hivyo sasa. Lakini yeye huja. Hunimwagia maji, akaniimbia, tena kuimba hajui." Akacheka, akasukuma leso nyuma ya sikio. Sikio lile lilichomoza nje kama mkono wa kikombe. Sikio langu! Mkunga alinitania siku ile ile binti yetu alipozaliwa, kwamba mama kachoka bure, baba kajizaa mwenyewe.

Sikulia. Nilitamani, lakini nilihisi kilio kingemfukuza. Nilimwambia nisamehe, sikuwahi kuja kukuona. Akanifuta jasho usoni kwa pindo la leso yake, polepole, kama afutwavyo mtoto, na ile leso ilikuwa baridi katika jua lile kali.

"Wakikuuliza, utasema nini?"

Nilimwambia mama yake aliniapisha nisipaonyeshe.

"Mama alihofia watu," akasema. "Hao wanaouliza hawataki majina. Sema tupo, baba. Basi."

Upepo ulipita, nikafumba macho kwa vumbi. Nilipofumbua, nilikuwa peke yangu, na uso wangu ulikuwa mkavu.

Sasa ungetarajia nilirudi nikasema wapo, sivyo? Nilitembea njia nzima nikijiambia nitasema. Lakini mbele ya kile kioo nilimwona Mejumaa, nikaona wageni wakija na majembe madogo na brashi zao, wakiuliza ni ya nani haya. Siku zote sisi tumelinda mambo yetu kwa kuyaficha. Nikadhani nalinda.

"Ni vichuguu," nikasema.

Daktari akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Mwanafunzi mtiifu akashika. Siku ile ile kompyuta ikapitia picha zake zote za pwani yetu, na kila mstari wa vivimbe vidogo ikaufuta. Nilitazama alama zikizimika moja baada ya nyingine.

Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, tingatinga lilifika pale. Mwenye kiwanja alikuwa na kibali halali. Sina la kumlaumu. Mejumaa alikwenda na kata yake ya maji, akakuta ukuta na geti. Alirudi na maji yale yale, akayaweka chini bila kumwaga tone, akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia yote, hata habari ya masikio. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu: kama binti yake alikuwa mzuri. Nikasema alikuwa mzuri sana. Usiku huo alinipakulia chakula kama kawaida, lakini tangu hapo hakula nami tena.

Nilikwenda kwa daktari nikakiri. Aliniuliza kama nimekula, kisha tukakaa pamoja siku nyingi tukizirudisha zile alama nyingine. Za wenzangu nyingi zimepona, alhamdulillahi. Yangu ilikuwa imekwisha kuchimbwa. Nimekwenda kusimama nje ya lile geti mchana, jua likiwa utosini, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Hakuna anayeniamkia ila bawabu.

Wewe unayesoma, ukiulizwa na watu hawa, au na mashine yao, habari za wafu wako, usiwafiche kwa kudhani unawasitiri. Kificho chetu cha zamani kilikuwa na watu wanaokumbuka. Mashine ikiambiwa hakuna, basi hakuna.

Mejumaa alifariki mwaka jana. Nilimzika Msambweni, kwenye makaburi ya watu wote, kati ya watu nisiowajua. Mwanawe yuko chini ya saruji, mahali wageni wanapoegesha magari. Ombi lake lilikuwa moja, na ni mimi niliyelikataa.