Jina Lililookotwa Jalalani

Shemeji yangu Ghurahu, mfinyanzi, jina lake maana yake ni jalala. Asiyelipenda shauri yake.

Mama mkwe alizaa wavulana watatu kabla yake. Aliwapa majina mazuri mazuri: mwana wa mfalme, jua, na wa tatu Amar, yaani asiyekufa. Wote walikufa wachanga; Amar hakumaliza siku nane. Wa nne alipozaliwa, mama akamlaza juu ya samadi nyuma ya zizi, akaenda zake. Mkunga akamwokota, mama akamnunua kwake kwa konzi ya mtama, ili kifo kione takataka kipite. Kikapita.

Halafu aje Baliram, baba wa mchumba wa Sunaina, binti wa Ghurahu, na shati lake la pasi, aseme jina hilo halifai! Ilikuwa siku ya kuandika barua ya ndoa. Kuhani alishaipaka manjano ya heri.

"Baba wa binti andika Rajendra," Baliram akamwambia. "Barua itasomwa mbele ya ukoo wangu wote. Jalala nitalisomaje?"

"Lisome hivyo hivyo," akasema Ghurahu.

"Mkwe, ni karatasi tu! Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Mama yangu alinitupa huku analia, ili nipone. Leo nimkane kwa sababu wewe unaona haya?"

"Basi harusi hakuna!"

Sitadanganya, nilimkonyeza shemeji akubali. Binti yake ana miaka ishirini na tisa, na wachumba wawili walishamkimbia. Lakini Sunaina mwenyewe akatoka jikoni, unga mpaka viwikoni, akampokonya kuhani kalamu. Akaandika: binti wa Ghurahu.

"Mwambie mwanao," akasema, "akitaka binti wa Rajendra, akamtafute huko aliko."

Baliram akaondoka, chai kaiacha. Kijana alikuja kuoa hata hivyo. Baba yake akaja nyuma, kanuna.

Mjukuu wa kwanza Baliram alimpa jina la kifalme. Tulimzika ana siku kumi na moja. Wa pili Sunaina alimzalia kwetu, na asubuhi ile tulimkuta Baliram nyuma ya zizi, shati limejaa samadi, kamlaza mtoto pale.

"Mwokote, mkwe," akamwambia Ghurahu. "Nakuomba."

"Anaitwa nani?"

Baliram akanong'ona.

"Kwa sauti," akasema Ghurahu. "Ukoo wako wote usikie."

Baliram akalipaza jina la shemeji yangu, mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama.