Siku Shizue Aliposhuka Mwambani

Kwa miaka ishirini na sita Shizue Kuramae aliwachomea ngisi wageni waliokuja kuutazama Mwamba wa Tundu, lakini yeye mwenyewe hakushuka hata siku moja. Kibanda chake kilikuwa juu ya ngazi, jirani na changu cha chai, na alikaa akiipa bahari mgongo. Sisi wa kijijini tulijua sababu: bintiye Natsuho, mwenye miaka tisa, alichukuliwa na wimbi pale chini alipokuwa akiokota mwani.

Mwaka jana tukaambiwa maji yameula mwamba mno, tao lake laweza kuanguka wakati wowote, hivyo ngazi zitafungwa. Siku ya mwisho mdogo wake Shizue, Kinue, akaja na mabuti ya mpira.

“Dada, vaa.”

“Nina ngisi motoni.”

“Ngisi wameshakufa, hawana haraka. Vaa!”

Shizue akanitazama mimi. Nikamwambia, “Nenda, mama. Jiko nitalitazama.”

Ya huko chini nilisimuliwa na Kinue. Maji yalikuwa yamekupwa. Shizue alipita chini ya tao hadi upande wa pili, palipokuwa na ukingo bapa ambao mtoto alipenda kuukalia. Akatafuta, akapapasa jiwe kwa viganja. Ukingo haukuwapo, bahari ilikuwa imeumega wote.

“Ulikuwa hapa, Kinue. Hapa hapa.”

“Ni miaka mingi, dada.”

“Nilikuwa nangoja nipate moyo. Kumbe na jiwe nalo lilikuwa linaondoka.”

Akakaa kwenye kokoto mbichi, akasema jambo ambalo alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Asubuhi ile Natsuho alilalamika baridi, akataka kubaki nyumbani. “Nikamwita mvivu. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu.”

Kinue alimshika mkono mpaka maji yakaanza kujaa.

Shizue hakufungua kibanda tena. Siku hizi anaishi kwa Kinue. Juzi nilikwenda kumwona, akanitolea picha ya mtoto, ambayo nilikuwa sijapata kuiona. Akanisimulia Natsuho alivyojifunza baiskeli, akatumbukia kwenye shamba la mpunga la watu, akarudi na matope mpaka masikioni. Alicheka kidogo, kisha akaipapasa picha kwa kidole, nami sikuthubutu kuaga.