Siku Tuliyoiimbia Bendera kwa Kunong'ona

Nimechoka hata kuona haya, basi nisimulie. Mtoto wangu wa miezi miwili alikuwa anashtushwa na kila kelele. Akinyonya anaacha, akilala anaruka. Muuguzi wa dispansari akaniambia, "Mama, umufunge karibu na mwili, umupigepige polepole, na watu waseme chini. Atatulia."

Asubuhi moja, kabla ya kwenda kufundisha, niliinama kitandani nusu usingizini, nikamfunga mgongoni kwa kitenge. Njia nzima hakulia. Nikamshukuru Mungu na muuguzi.

Shuleni nilimsihi direktere, mkuu wetu mwenye sauti ya ngoma, tusimwamshe mtoto. Akasita, maana wimbo wa Chama kinachotawala huimbwa kwa nguvu na masikio ya wapelelezi ni mengi. Lakini naye ni baba. Basi shule nzima ikaisifu Zaire kwa kunong'ona, bendera ikapanda kama mwizi, nami mbele yao nikiyumbayumba na kupigapiga mgongo.

Ndipo mama mkwe, tunayekaa naye, akaingia uwanjani na mtoto mikononi, mtoto akilia hadi kusikika ng'ambo ya Lualaba.

"Nilimutoa kitandani nimuogeshe! Wewe unaenda wapi bila kumunyonyesha?"

Macho yote yakageukia mgongo wangu. Nikafungua kitenge. Mto wetu wa kulalia ukaanguka vumbini.

Direktere akauokota, akaupangusa, akaninong'oneza, raia kwa raia, "Citoyenne, huyu ndiyo ametulia kabisa."