Kipande Kilichogeuka

Jirani yetu wa hapa mtaani Jericho hawezi kuzungumza mikono yake ikiwa imetulia. Huko maabara analinganisha jeni za wimbi na za mpunga, na kila akikueleza hutandaza vidole mbele yako, halafu hugeuza kiganja, gumba likahamia upande wa kidole cha mwisho. "Jeni ni zilezile," husema harakaharaka, kwa sauti ya chini, "ila kwenye wimbi kipande hiki cha mpangilio wake kimegeuka, mwanzo ukawa mwisho." Wenzake walidhani mashine ya kusoma jeni imekosea, kwa hivyo akaomba mbegu nyingine kutoka Busia zipimwe. Jumamosi alikuwa anafua uani simu ya maabara ilipoita. Alisikiliza huku povu likimdondoka viwikoni. "Hata hizo za Busia zimegeuka?" akauliza, kisha akauliza tena. Alipokata simu alimwendea Mama Ayuma wa nyumba ya pili, aliyekuwa akikoroga uji wa wimbi mlangoni, akamshika bega kwa mkono uliolowa. "Mama, mashine haikukosea. Kiligeuka kweli, zamani sana, kabla mtu yeyote hajalima wimbi." Mama Ayuma akaitazama sufuria, akamtazama yeye. "Na uji?" "Uji uko sawa, mama." Jirani yetu akacheka mpaka akaketi pale pale kwenye sakafu ya saruji yenye maji.